Kadi Yenye Jina la Mwanamume

Mwaka 2013 nilikuwa na tabia mbaya ya kuwahubiria wenzangu. Nilikuwa nafundisha somo la Uraia katika sekondari moja ya kata ya Kitanga, wilayani Kasulu. Ulikuwa mwaka wangu wa pili tangu nipangiwe huko kutoka Muheza, na hakuna jambo nililolihubiri kwa bidii kama kadi za benki.

Tulikuwa walimu tisa. Benki ilikuwa mjini Kasulu, na kwenda na kurudi kwa bodaboda kulikula siku nzima, halafu ukifika nyumbani unaoga maji mawili kabla vumbi jekundu halijaisha nyweleni. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi walimu wanane waliafikiana kumtuma mmoja wao, mwalimu wa Hisabati, mwenyeji wa Kasanda kule Kakonko, mtu mpole aliyevaa koti lile lile la kijivu kiangazi na masika. Alikusanya kadi zote, akazifunga kwa mpira, akaandika namba za siri kwenye karatasi ya daftari la mistari, jina huku, namba kule, akapanda pikipiki. Jioni alirudi na bahasha, kila moja na risiti yake.

Mimi nilikuwa naumwa kichwa nikimwona.

"Namba ya siri inaitwa ya siri kwa sababu ni siri," niliwaambia ofisini wakati wa chai ya saa nne. "Ikishajulikana na mtu wa pili, hilo ni tangazo."

"Sasa madam, mimi nitakimbilia wapi?" aliuliza mwalimu wa Hisabati huku akipuliza chai yake. "Mke wangu yuko hapa. Mihogo yangu iko hapa. Nikila hela zenu mtanikuta asubuhi mstarini na wanafunzi."

"Suala siyo wewe. Suala ni usalama."

Wakacheka. Walisema Kiswahili changu cha Muheza kinafanya neno usalama lisikike kama limetoka redioni, na kwa wiki nzima kila mtu aliyefunga mlango alisema "usalama" kwa sauti ya mtangazaji. Niliwaachia kicheko chao. Mwisho wa mwezi nikapanda pikipiki yangu mwenyewe, na kadi yangu mwenyewe, na namba ambayo haikuwahi kuandikwa popote.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumamosi. Mashine ilikuwa kwenye kibanda cha kioo ubavuni mwa benki, na foleni ilikuwa fupi kwa sababu watu wengi walikuwa sokoni. Nyuma yangu alisimama kijana wa miaka kama thelathini, shati jeupe limechomekewa, viatu vinang'aa. Katika mji ule, mwezi ule wa vumbi, kiatu kinachong'aa kilipaswa kunifanya nijiulize maswali. Sikujiuliza.

"Shikamoo madam," alisema.

"Marahaba."

Sijui alijuaje kuwa mimi ni mwalimu. Labda ni chaki kwenye mkoba, labda ni namna tunavyosimama kwenye foleni, kana kwamba tunaikagua. Mlango wa kibanda ulikuwa umevunjika komeo, haufungi, kwa hiyo nilipoingia yeye alibaki mlangoni akiushikilia usipigwe na upepo. Nilimwona mstaarabu. Mashine ilikuwa nzito. Nilibonyeza namba yangu, ikakaa kimya, nikabonyeza tena.

"Mtandao, madam," alisema. "Leo unasuasua tangu asubuhi. Iache tu, itakubali."

Ikakubali. Kadi ikachomoza, hela zikafuata, na mimi, mlinzi wa usalama wa kata nzima, nikachukua hela, nikageuka upande na kuanza kuzihesabu.

"Madam! Kadi."

Niligeuka. Alikuwa ameunyosha mkono, kadi iko kati ya vidole viwili, ananipa kwa heshima, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha mkono wa kulia kama mtoto aliyelelewa. Nilishukuru mpaka nikaona haya. Kadi ilikuwa na rangi ile ile, nembo ile ile, mkwaruzo kama wa kwangu. Nikaitia kwenye mfuko wa zipu ndani ya mkoba.

Na hapo, ili aibu yangu ikamilike, nikampa ushauri. Nilimwambia watu kama yeye ni wachache siku hizi, na kwamba awe makini sana na watu wa kwenye foleni, maana si wote wana roho nzuri kama yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliitikia kwa kichwa mara mbili.

"Asante madam," alisema. "Nitazingatia."

Mwezi mzima nilikaa Kitanga bila kuifungua ile zipu. Hela niliyotoa ilinitosha, na nyingine nilikuwa naiacha benki, kwa sababu nilikuwa naweka akiba ya mabati ya nyumba ya mama. Benki ilikuwa na huduma ya kutuma ujumbe kwenye simu kila hela inapotoka, lakini ilikatwa ada kidogo kila mwezi, na mimi nilikataa kujiunga. Nilimwambia yule mhudumu kwamba anayetoa hela ni mimi, sihitaji kulipia ili niambiwe nilichofanya mwenyewe. Niliona nimesema neno la maana sana.

Mwisho wa mwezi uliofuata nikarudi kwenye mashine. Nikabonyeza namba. Ikasema namba si sahihi. Nikabonyeza tena, polepole, kidole kwa kidole. Si sahihi. Mara ya tatu sikubonyeza, maana nilijua ingemeza kadi. Nikaichomoa, nikaigeuza kwenye mwanga, na kwa mara ya kwanza nikaisoma.

Ilikuwa na jina la mwanamume.

Wazo la kwanza lililonijia, naapa, ni kwamba benki imenibadilisha jina. Niliingia ndani na hasira za mtu mwenye haki, nikaipita foleni ya dirishani, nikaiweka kadi mbele ya mhudumu.

"Dada, nimekuwa mwanamume lini?"

Aliitazama kadi, akanitazama mimi. "Hii umeipata wapi?"

"Mmenipa ninyi."

"Hapana," alisema kwa upole ulionitisha. "Sisi hii tumempa mwenyewe. Naomba kitambulisho chako."

Aliandika kwenye kompyuta, akasoma, akaacha kuandika. Kisha akaigeuza kompyuta kidogo nione. Hela zilikuwa zimetolewa siku nne mfululizo, kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa kwa siku. Siku mbili Kasulu, siku mbili Kibondo. Kilichobaki kilikuwa nauli ya kurudi Kitanga na soda.

"Uliwahi kumpa mtu namba yako ya siri?"

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe."

"Dada, mimi ndiye ninayewakataza watu!"

Akaandika kwenye fomu: mteja anasema hakutoa namba. Lile neno "anasema" liliniuma kuliko yote. Akanieleza, bila kunionea wala kunihurumia kupita kiasi, kwamba namba sahihi ikitumika na kadi halali, mashine inajua ni mwenye akaunti, na benki nayo inajua hivyo hivyo. Alifunga kadi yangu iliyopotea, akaichukua ile ya mwanamume aiweke kwenye kabati, akanielekeza polisi nikachukue taarifa. Nilikuwa nimesoma lile jina mara nyingi sana hata nililijua kama jina la babu yangu.

Njia nzima ya kurudi, mgongoni mwa pikipiki, nilikuwa natunga namna ya kuwaambia wenzangu. Nilifikiria kusema nimeibiwa njiani na watu wenye mapanga. Mwisho nikasema ukweli, nikiwa nimesimama katikati ya ofisi na vumbi mpaka kwenye kope. Hawakucheka. Mwalimu wa Kiingereza alinivutia kiti. Mwingine alinipa chai. Ukimya ule ulikuwa mbaya mno kwangu, na niliposikia kesho yake mtu akiuliza kutoka kona ya ofisi, "Madam, leo somo la usalama lipo?" nilishukuru moyoni. Nikacheka nao, halafu nikaenda nyuma ya jiko la shule nikalia kidogo kwa ajili ya mabati.

Mwalimu wa Hisabati ndiye aliyenifuata huko. Hakusema pole. Alisema, "Rudia lile jina lililokuwa kwenye kadi."

Nikarudia.

"Yemwe!" alisema, akashika kichwa. "Huyo ni mwalimu mkuu wangu. Kasanda. Ndiye aliyenifundisha kujumlisha. Amestaafu siku nyingi."

Mtandao wa simu ulipatikana juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya vyoo vya wavulana. Tukapanda wote wawili. Akapiga, akaweka sauti nje ili nami nisikie. Wakasalimiana kwa Kiha kirefu, habari za mvua, za mke, za mihogo, nikadhani salio litaisha kabla hawajafika kwenye jambo. Kisha akamweleza.

"Haiwezekani," ilisema sauti ya mzee, sasa kwa Kiswahili kilichonyooka, cha mtu aliyesimama mbele ya ubao maisha yake yote. "Kadi yangu ninayo hapa, kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ubatizo."

"Lisome jina, mwalimu."

"Jina langu nalijua."

"Isome tu, mwalimu."

Tulisikia kiti kikivutwa, mtu akimwita mkewe amletee miwani, kabati likifunguliwa. Kisha sauti ikarudi, ndogo kidogo.

"Hii inasema mimi ni mwanamke."

Ndivyo nilivyofahamiana na mzee wa Kasanda. Naye alikuwa ametoa hela Kibondo, wiki kadhaa kabla yangu, na kijana mwenye adabu akamwambia, "Mzee, kadi yako hii." Pensheni yake haikuwa ya kila mwezi, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuitazama kadi tena. Mwanamke ambaye jina lake lilikuwa kwenye mfuko wa nailoni alikuwa muuguzi Kibondo. Benki ilipompigia, alisema anajua, ameibiwa tangu mwanzo wa mwezi uliopita, ameshafunga kadi, na ile aliyobadilishiwa yeye ilikuwa ya mtu wa mkoa mwingine, iliyokwisha muda wake. Kwa maneno mengine, mtu yule alikuwa anampa kila mmoja wetu kadi ya aliyetangulia. Sisi watatu tulikuwa tumevaliana majina bila kujuana.

Polisi walitaka tukutane wote Kibondo, kwa kuwa huko ndiko alikoanzia. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi la alfajiri. Mzee niliyemkuta mbele ya benki alikuwa mrefu, suruali ina mstari wa pasi, na ile kadi ya mwanamke ameishika kwa ncha za vidole kana kwamba ni barua ya mtu mwingine iliyofunguliwa kwa bahati mbaya. Muuguzi, ambaye wote tulimwita sista, alikuja na sare yake, ana haraka, ametoka zamu.

"Hebu nilione hilo jina langu," alimwambia mzee. "Limekaaje huko Kasanda?"

"Limekaa vizuri, sista. Halikula sana."

Ndani, meneja wa tawi alitufungulia akaunti moja moja. Ya sista ilikuwa imekombwa. Yangu mnajua. Ya mzee, meneja aliiangalia mara mbili.

"Mzee, yako iko salama. Haijaguswa hata shilingi."

Tulimgeukia. Mzee alijaribu kuficha furaha yake kwa heshima yetu, akashindwa. Sista alikunja mikono.

"Mzee, wewe na huyu mtu mna mkataba gani?"

"Mimi simjui!"

"Kadi yako amekaa nayo wiki tatu. Sisi katukausha. Wewe kakutunzia."

Tulikwenda kula mgahawani karibu na stendi wakati polisi na benki wakishughulikia picha za kamera. Ugali wa muhogo, migebuka ya kukaanga, na sista hakumwachia mzee hata alipokuwa anatoa miiba. Kila alipoomba chumvi, sista alisema, "Mpe chumvi, huyu ana watu wake." Mzee akacheka mpaka akakohoa.

Ndipo sista akatusimulia habari ya daktari wa kigeni aliyekuja kufanya kazi hospitalini kwao kwa mwaka mmoja. Daktari huyo alikuwa na kadi ya mkopo ya huko kwao. Alipopita hotelini Dar es Salaam mtu akainakili, na wiki mbili baadaye kadi ikaanza kununua televisheni kwenye nchi ambayo daktari hajawahi kufika.

"Akafanyaje?" niliuliza.

"Alipiga simu kwao. Akasema, siyo mimi. Wakasema, sawa, tumefuta. Wakamtumia kadi mpya."

"Basi?"

"Basi. Alilalamika tu kwamba kadi mpya imechelewa njiani."

Mzee aliweka tonge chini. "Ngoja. Hizo televisheni zilinunuliwa kwa hela ya nani?"

"Ya benki. Kadi ya mkopo ni hela ya benki mpaka mwisho wa mwezi, ndipo wewe unaletewa hesabu ulipe. Ukisema hii sikununua mimi, wanachunguza kabla hujatoa kitu."

"Kwa hiyo yeye akiibiwa, anayeibiwa ni benki."

"Ndiyo."

"Na mimi nikiibiwa?"

"Wewe hujaibiwa, mzee," nilisema. "Tumeibiwa sisi. Ile hela yetu ilikuwa yetu, na imeshaondoka. Wao wametupa fomu."

Alifikiri kwa muda, kama anayesahihisha mtihani. "Na huyo daktari asipolipa mwisho wa mwezi?"

"Wanaanza kumtoza riba. Na hawachoki," alisema sista.

"Basi kumbe tofauti ni aina ya mwizi," alisema mzee, akarudi kwenye samaki wake.

Mimi lakini lilinikaa. Tuliporudi benki nilimuuliza meneja, kwa sauti ya chini ili mzee asisikie, kama naweza kupata kadi ya mkopo kama ya yule daktari. Alikuwa mtu mwema. Hakucheka, ila aliangalia dirishani kwanza.

"Mwalimu, hizo bado ziko Dar es Salaam, kwa wateja maalumu."

"Maalumu vipi?"

"Wale ambao hawazihitaji." Kisha akavuta kiti. "Nikushauri kitu kingine. Fungua akaunti ya pili isiyo na kadi. Mshahara ukiingia, hela ya mabati ihamishie huko. Kwenye yenye kadi bakiza ya unga na nauli. Mtu akikuibia, akuibie unga. Na ule ujumbe wa simu, jiunge."

Nilijiunga palepale, nikiwa nimeinamisha kichwa.

Polisi aliyekuwa anashughulika na jambo letu akaleta picha, zimechapishwa kwenye karatasi ya kawaida, nyeusi na nyeupe. Shati lililochomekewa nililijua kabla sijaona uso. "Ndiye," nilisema. "Ndiye," alisema sista. Mzee aliishika karatasi kwa muda mrefu. Aliisogeza mbali, akaileta karibu. Utani wote ulimtoka usoni.

"Macho yangu si mazuri," alisema mwisho. "Sina uhakika."

Hakuna aliyemshuku. Tukaagana stendi. Sista akamtania mara ya mwisho, mzee akatabasamu kwa mdomo tu.

Siku mbili baadaye simu yangu iliita nikiwa juu ya kichuguu nikiongea na mama. Alikuwa ni mzee.

"Mwalimu, nilidanganya," alisema bila salamu, jambo ambalo kwa mtu kama yeye lilikuwa kama kutoka nje bila shati. "Macho yangu yanaona. Kule kwenye mashine nilikuwa nahesabu hela, sikumtazama; kwenye picha nilimjua. Yule nilimfundisha. Darasa la nne mpaka la saba. Alikuwa kiranja wangu. Nilikuwa nampa funguo za stoo ya shule."

Nikamuuliza kama amelala vizuri.

"Sijalala. Mama yake namfahamu, tunasali kanisa moja. Nimeketi hapa najiuliza, nimwambie yeye kwanza au polisi kwanza?"

"Wewe unaonaje?"

"Nikimwambia mama, atamwambia akimbie. Mimi ningemwambia wangu akimbie." Alipumua. "Ila umeshaelewa kwa nini hela zangu hakuzigusa. Alisoma jina. Alinijua. Akashindwa, mwalimu. Akashindwa kumwibia mwalimu wake."

Aliposema hivyo nikasikia kwamba jambo lile lilikuwa linamuumiza na kumfurahisha kwa wakati mmoja. Nikamwambia ndiyo, bila shaka ni hivyo. Mimi mwenyewe niliamini. Niliwasimulia walimu wenzangu ofisini, na hata waliokuwa wanasahihisha madaftari waliacha kalamu. Mwalimu wa Hisabati alisema wazi kwamba hiyo ndiyo tuzo pekee ambayo mwalimu wa Tanzania anaweza kutegemea.

Mzee alikwenda polisi kwa miguu yake siku iliyofuata. Baada ya hapo aliingia nyumbani kwa yule mama, akakaa naye mpaka jioni. Sijui walisema nini. Kijana alikamatwa wiki ile ile pale pale Kibondo, ameshika mlango wa kibanda ili upepo usimsumbue mama mmoja aliyekuwa anatoa hela. Afande aliyekuwa kwenye foleni bila sare alimwacha amalize kusema shikamoo.

Niliitwa kumtambua. Mzee naye alikuja, lakini hakuingia. Alisema atasubiri kwenye benchi nje. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno njia nzima, mengine makali. Wakamleta, shati lile lile sasa limetoka kwenye suruali, viatu havina kamba. Akaniona.

"Shikamoo madam."

"Marahaba," nilijibu, kabla sijajizuia, na afande aliyekuwa anaandika akakohoa kuficha kicheko. Maneno makali yote yakaniishia hapo.

Nilimtambua, nikatia sahihi. Kabla ya kutoka nilimwomba afande niulize swali moja tu. Akaruhusu.

"Hela za mwalimu wako. Kwa nini uliziacha?"

Alinitazama kama mtu ambaye hajaelewa swali. "Sikuziacha, madam. Nilijaribu."

"Ulijaribu?"

"Yule mzee anabonyeza polepole, na kiganja chake kinafunika kila kitu. Niliona namba tatu tu. Nikabahatisha ya nne, ikakataa."

"Hukujua ni mwalimu wako?"

"Siku ile sikumwangalia usoni. Nilijua baadaye, nilipoisoma kadi vizuri." Aliinamisha macho. "Nikakumbuka kuna mwaka aliokuwa anautaja sana darasani, mwaka aliofungua ile shule. Nikajaribu huo. Nao ukakataa. Ya tatu nikaogopa, ingemezwa."

Nilitoka nje. Jua lilikuwa kali, na mzee alikuwa kwenye benchi, mikono juu ya magoti. Viganja vyake vilikuwa vipana kweli; sijui kwa nini sikuwahi kuviona. Alisimama nilipokaribia.

"Umezungumza naye?"

"Nimezungumza."

"Umemuuliza?"

Kwa muda mrefu nilikuwa mwalimu wa Uraia, na katika Uraia kuna mada nzima juu ya kusema ukweli. "Nimemuuliza," nilisema. "Anakumbuka masomo yako, mzee. Hata mwaka uliofungua shule anaukumbuka."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa polepole sana, akaivaa tena.

"Nilijua," alisema.

Sista nilimwambia ukweli, kwa sababu alinibana. Alicheka hadi akakaa chini kwenye ngazi za wodi, kisha akaniapisha nisimwambie mzee hata nikilewa. Mimi silewi, lakini nikaapa.

Kesi ilisikilizwa mwaka uliofuata. Mzee alitoa ushahidi akiwa amesimama wima, akajibu kila swali kwa sentensi kamili. Kijana alifungwa. Pikipiki aliyoinunua kwa fedha za watu iliuzwa kwa amri ya mahakama, tukagawiwa. Fungu langu lilitosha mabati ya jiko la mama tu, siyo nyumba. Mama alisema jiko ndilo linalovuja zaidi. Nyumba yenyewe niliezeka mwaka 2015, kwa hela ya akaunti isiyo na kadi, na kila nilipotoa kiasi chochote simu yangu iliniambia nilichofanya, nikailipia, nikashukuru.

Mzee aliendelea kunipigia mara moja moja. Siku moja aliniambia ametoka gerezani kumtembelea yule kijana. Alimpelekea sabuni, sukari na shuka. Alisema amekonda lakini ana afya, na kwamba anawafundisha wenzake kusoma.

Nilisita, halafu nikauliza. "Mlizungumza habari za ile kadi?"

"Hapana," alisema mzee. "Alitaka kuanza kuniambia kitu. Nikamwambia aache, muda wa kuonana ni mfupi."

Kisha akaniuliza kama mvua imeshaanza Kitanga, maana kwao Kasanda wamepanda maharage wiki ya pili hii na hawajaona hata wingu.